Naomba ushauri: tortila za kuviringisha zinalainika chini nikioka

Habari zenu wapishi. Nyumbani tumepunguza vya kukaanga, kwa hiyo zile taquito za Mexico, tortila ndogo (chapati nyembamba za kwao) zinazoviringishwa na nyama ndani, naziokea kwenye oveni.

Ladha sina neno nayo: kuku wa kuchambua, kitunguu, bizari nyembamba, pilipili na jibini kidogo. Shida ni kwamba hazikauki sawasawa. Juu zinakauka vizuri, ncha zinakaribia kuungua, lakini upande uliolalia trei unabaki umelegea kama chapati ya jana.

Oveni naweka nyuzi 220, napaka mafuta kwa brashi pande zote, na mkunjo nauelekeza chini usije ukafunguka. Natumia tortila za ngano za dukani. Za mahindi huku sizipati, na tafadhali msiniambie nitumie sembe: mahindi ya tortila huchemshwa kwanza na chokaa, ndiyo maana unga wake unashikana. Wetu ukikunja tu unapasuka.

Je, mnazipanga juu ya waya, au trei iwekwe kwanza ndani ipate moto? Shemeji anasema tatizo ni mchuzi wa kuku, niukaushe mpaka sufuria ianze kushika. Na mnazigeuza vipi katikati bila jibini kumwagika?

Kama kuna anayezigandisha kwenye friza kisha anazioka hivyo hivyo, aniambie zinatokaje. Wageni wanakuja Jumamosi.