Tupeane uzoefu: nyumbani kwenu kuna mtu anayegombea kila uchaguzi?

Kilosa Juu
Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa namsaidia baba mdogo kuhama nyumba, tukavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Ndani mna mabango ya kampeni, yamekunjwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. La 1994, la 2000, la 2010, la 2015, la 2020. Picha ni ileile: kaunda suti ya kijivu, nywele nyeusi tii. Kinachobadilika ni chama. Kwenye lile la 2010 alama ya chama cha zamani imebandikiwa karatasi juu, kwa gundi ya unga wa muhogo, na mpaka leo haijabanduka.

Nikamuuliza, "Baba, haya tuyachome?" Akasema, "Pakia kwenye gari. Yana kazi."

Udiwani mara tano. Hajawahi kuwa hata wa pili. Mimi nimelelewa naye, nimetembea usiku na ndoo ya gundi tangu niko darasa la tano, na shuleni nilikuwa naitwa "mtoto wa kura hazikutosha". Kwa wenye ndugu wa namna hii, mliishi nao vipi? Mnawaambia nini fomu zikianza kutolewa?

Mama Vitenge
Umenigusa penye kidonda. Kwangu ni mume. Nitarudi nikishatulia.

Wakala Mstaafu
Niwaeleze pesa inapopotelea, maana wengi wanadhani ni fomu. Dhamana ya tume kwa udiwani ni shilingi 5,000, ubunge 50,000. Hiyo hata muuza karanga anaitoa. Kinachommaliza mgombea mdogo ni mawakala. Kata yetu 2015 ilikuwa na vituo 26. Kila kituo mtu wako mmoja, anaingia kabla ya saa moja asubuhi, kura zinafungwa saa kumi jioni, halafu kuna kuhesabu mpaka usiku wa manane. Nauli, chai, chakula cha mchana, vocha, na "ya kunywa maji". Zidisha mara 26. Usipomlipa, saa sita mchana anatoka kwenda kula na harudi, au analipwa na mwenzako huku amekaa kwenye kiti chako. Bosi wangu aliuza pikipiki kwa ajili ya siku moja tu ile.

Chumbageni
Kweli kabisa. Kwetu iliondoka friji.

Mzalendo Mpole
Mimi nawashangaa mnavyowasema hawa watu kama wagonjwa. Maalim Seif aligombea urais wa Zanzibar mara sita, kuanzia 1995 hadi 2020. Profesa Lipumba amegombea urais wa Muungano mara tano. Kuna aliyewaambia waache? Anayekwenda tena baada ya kushindwa ana moyo ambao wengine hatuna.

Simba wa Kahama
Usimfananishe Maalim na baba mdogo wa mtu. Maalim alikuwa na nusu ya Visiwa nyuma yake na akafika kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Huyu wa Kilosa nyuma yake kuna ndoo ya gundi.

Mzalendo Mpole
Ndiyo dharau hiyo. Mwanzisha mada hakuja hapa utukanie wazee wake.

Kilosa Juu
Sijakasirika, wakuu. Endeleeni.

Kalamu ya Ilala
Hapo kwenye kubadili vyama msimlaumu sana mzee. Kwa sheria yetu huwezi kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Mtikila alihangaika na kesi ya mgombea binafsi tangu miaka ya 1990, akashinda Mahakama Kuu, Katiba ikabadilishwa, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha na 2013 akapewa haki yake. Alifariki kwenye ajali ya gari Oktoba 2015, na mlango haujafunguliwa. Kwa hiyo mtu aliyekatwa jina kwenye kura za maoni za chama chake, na bado anataka kuwatumikia watu wa kata yake, anafanyaje? Anatafuta chama chenye nafasi.

Mwana Kisauni
Hamjambo ndugu zetu. Huku Mombasa mjomba wangu amesimama MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, mara tatu, 2013, 2017 na 2022, zote mgombea huru, kwa sababu Katiba yetu ya 2010 inaruhusu. Unatafuta saini za wapiga kura 500 wa wadi yako, ada ni shilingi 5,000 za Kenya. Saini hizo mimi ndiye niliyezitafuta, nyumba kwa nyumba, jua la saa nane. Watu wanatia saini wakicheka, wanakukaribisha chai, na kura hawampi.

Lakini acha niwaambie jambo moja. Fomu za basari, yaani msaada wa karo, zikitoka, foleni iko barazani kwa mjomba. Aliyeshinda simu haishiki. Mjomba anavaa miwani, anajaza fomu ya mtoto wa watu kwa kalamu yake mwenyewe, anaipeleka ofisini mwenyewe kwa miguu. Mabomba yakikauka wanamjia yeye. Nyanyangu husema wadi yetu ina MCA wawili na mshahara mmoja.

Mama Vitenge
Hilo la mjomba ni sawasawa na langu. Misiba yote anasimamia yeye.

Binti wa Muheza
Nimeusoma uzi huu toka asubuhi, nimeshindwa kunyamaza. Hiki sijawahi kumsimulia mtu.

Ilikuwa 2005, nina miaka 19. Wanaokumbuka, uchaguzi ulikuwa uwe Oktoba 30, mgombea mwenza wa Chadema akafariki zikiwa zimebaki siku chache, Bara tukasogezwa hadi Desemba 14. Kwa mwenye fedha hizo ni wiki sita za kuongeza mikutano. Kwa baba yangu zilikuwa kaburi. Alishapiga hesabu zake ziishie Oktoba. Mbuzi walishauzwa. Machungwa aliyauza yakiwa bado maua mtini, kwa bei ambayo yule mnunuzi mwenyewe aliona aibu, akatuongezea mfuko wa sukari.

Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani ya miguu, aliletewa na marehemu bibi, ndiyo iliyotusomesha. Wiki ya kwanza ya Desemba nimetoka kisimani nikakuta mahali pake pana alama nne za miguu ya chuma kwenye sakafu na vipande vya nyuzi. Baba ameiweka rehani ili apate pesa ya mawakala. Mama hakusema neno. Alichukua ufagio akafagia zile nyuzi.

Siku ya kupiga kura mama huyohuyo aliamka saa tisa usiku akakaanga maandazi ya mawakala wote. Mimi nilikuwa wakala wa baba kituo cha nyumbani, shule ya msingi, darasa la tatu. Nilikula kiapo, nikakaa kwenye dawati dogo magoti yakigusa kidevu. Nikaona kijiji kizima kinapita mbele yangu. Watu waliokula kwetu. Watu waliokuwa wakimwita baba "mheshimiwa" njia nzima. Mama alikuja na khanga yake ya Idi, akaingia kwenye kituturi, akatoka, akachovya kidole, akanitazama mara moja tu.

Kura za rais zilihesabiwa kwanza, kisha za mbunge. Za diwani zilianza usiku, kwa taa ya kandili. Msimamizi ananyanyua karatasi moja moja, anatuonyesha, anataja jina. Nilikuwa na daftari la hesabu, napiga vijiti, kila vitano nakata. Vya baba nilikata mara moja tu. Tano, kikaongezeka kimoja. Sita.

Nyumbani kwetu tuliojiandikisha pale tulikuwa saba. Baba, mama, mimi, kaka wawili, shangazi na bibi mzaa baba.

Nikatia saini kwenye fomu ya matokeo, mkono unatetemeka, yule wakala wa upande wa pili akadhani nalia kwa ajili ya kushindwa. Nikatembea peke yangu mpaka nyumbani. Mama alikuwa macho, amekaa jikoni na moto umeshazima. Akaniuliza, "Ngapi?" Nikasema, "Sita." Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema, "Nataka cherehani yangu, mwanangu. Usimwambie."

Chumbageni
Dada pole. Nimesoma mara mbili.

Simba wa Kahama
Huo ni usaliti. Mke wa mtu unamkaangia mawakala maandazi halafu unampa kura adui yake! Bora angekataa mchana kweupe.

Bibi Ubungo
Wewe Simba una adabu kweli? Mwanaume anachukua kazi ya mkewe anaiweka rehani bila hata kumuuliza, hapo usaliti umeuona kwa nani? Angekataa mchana kweupe angepigwa au angeachwa. Alipewa karatasi moja tu ya kusemea, akaitumia.

Simba wa Kahama
Shikamoo bibi. Sijasema baba yake alifanya vizuri. Nasema ndoa ni ndoa.

Bibi Ubungo
Marahaba. Na cherehani ni cherehani.

Hesabu za Tabora
Samahani, kwa mantiki tu, kura hizo sita si lazima zote ziwe za nyumbani. Inawezekana jirani mmoja alimpa, na ndani wakamnyima wawili.

Bibi Ubungo
Kijana, mama mwenyewe kasema.

Kalamu ya Ilala
Kwa kina mama wanaosoma hapa: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mkiletewa karatasi ya mkopo mtie saini kipindi cha fomu, someni kwanza. Mkikataa mko ndani ya haki yenu. Mnaweza pia kwenda kuweka zuio kwa msajili wa hati. Cherehani kwa bahati mbaya haimo humo.

Wakala Mstaafu
Mimi ushauri wangu ni mwepesi zaidi: mpangieni kiasi. Kaeni kikao cha ukoo Januari ya mwaka wa uchaguzi, mseme mzee, hizi hapa laki tano, zikiisha umeisha.

Chumbageni
Ukimpa laki tano umemwambia aende. Msimpe hata mia.

Mzalendo Mpole
Mshawishini aanzie chini, uenyekiti wa kitongoji. Huko watu wanaangalia mtu.

Simba wa Kahama
Au mpeni uenyekiti wa kamati ya harusi, kiu itapungua.

Mvomero
Mimi ndiye huyo mnayemzungumza. Nimegombea mara nne. Naomba niseme kwa heshima.

Kata yetu kuna kijito ambacho watoto walikuwa wanavuka kwenda shule, masika wanabebwa mgongoni. 1994 nilisimama kwa ajili ya kijito kile. Kila mkutano nilizungumza kijito, mpaka wakaniita Bwana Kijito. Nikashindwa. 2000 nikasema tena, nikashindwa. Aliyenishinda 2005 ilibidi naye akiseme, kwa sababu kila alipopanda jukwaani watu walimuuliza, "Na kijito je?" Karavati ilijengwa kipindi chake. Jina langu halipo pale, na kwenye uzinduzi sikualikwa. Lakini nimekwenda asubuhi nikasimama kando nikatazama watoto wanavuka wamevaa viatu. Mke wangu nilimpa taabu, sikatai, na nilimwomba radhi mbele ya wanangu. 2020 fomu yangu ilirudishwa kwa kosa la kisanduku kimoja kutojazwa, nikalala siku mbili bila kula. Nina miaka 71. Sigombei tena. Ila msiwaambie wanenu kwamba hatukufanya kitu.

Mzalendo Mpole
Mzee wangu, shikamoo.

Kilosa Juu
Shikamoo mzee. Nitampelekea baba mdogo simu asome hapa kwako.

Hesabu za Tabora
Binti wa Muheza, cherehani ilirudi?

Binti wa Muheza
Ilirudi. Baba alikwenda kuvuna mkonge kibarua huko Korogwe miezi minne, yeye ambaye hakuwahi kushika panga la mtu. Aprili akarudi nayo, ameifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba za mkonge, ameikokota njia nzima maana kuipanda asingeweza. Mikono imechanikachanika. Akaiweka palepale kwenye zile alama nne. Mama akakaa, akatia uzi, akashona mfuko wa shati lake lililokuwa limechanika, yeye akiwa amelivaa.

2010 akachukua fomu tena. Safari hii wakala wa kituo cha nyumbani alikuwa mama. Alipata kura 41. Sijamuuliza mama chochote, na baba kama alijua hajawahi kuonyesha.

Chumbageni
41!

Mama Vitenge
Nilisema nitarudi. Nilikuwa naandika kisa changu, nikaacha simu mezani nikaenda kuepua wali. Mume wangu akausoma uzi wote. Nimerudi namkuta ameshika simu. Ameniuliza, "Mama nanihii, na wewe 2015 ulimpa nani?" Nimemwambia kura ni siri. Akacheka, kisha akanyamaza, akaenda kukaa nje. Sasa nampelekea chakula hukohuko. Hati ya nyumba iko kwa dada yangu tangu 2014, na hilo nadhani leo nitamwambia.