Kulinda mapafu baada ya upasuaji wa saratani ya umio: utaratibu wa wodi uanzie wapi?

Nesi_Moshi: Wakuu, wagonjwa wa umio wanaofunguliwa kifua na tumbo wananisumbua siku ya 2 na ya 3: pumzi fupi za harakaharaka, oksijeni inashuka, makohozi hayatoki. Nataka kuandika utaratibu wa wodi. Spirometa za kupuliza, vile vifaa vya kufanyia mazoezi ya pumzi, hatuna za kutosha. Nianzie wapi?

Fizio_Arusha: Kwanza, dada, spirometa ile ni ya kuvuta. Mgonjwa akiipuliza anafanya kazi bure, na wengi ndivyo wanavyofanya. Ikikosekana, msipoteze muda na maputo. Akae wima, avute hewa polepole kwa pua mpaka mbavu za chini zitanuke, ashikilie sekunde 3, atoe kwa mdomo. Mara 10 kila saa akiwa macho. Afundishwe kabla ya upasuaji, maana akiamka na usingizi na maumivu hashiki kitu. Sigara aache angalau wiki 4 kabla. Mswaki asubuhi na jioni, hata siku ambazo hali kwa mdomo, kwa sababu bakteria wa kinywani ndio wanaoteremka na mate kwenye mapafu.

Kukohoa: akumbatie kanga iliyokunjwa juu ya kidonda, atoe hewa kwa nguvu mdomo wazi, "haa", kama anayetia mvuke kioo cha miwani. Ila kumlaza kichwa chini ili makohozi yatoke, kwa hawa ni marufuku.

Mtu_wa_Usingizi: Yote hayo yanakwama kama kidonda kinauma. Asiyeweza kuvuta pumzi ndefu hakohoi, makohozi yanaziba, sehemu ya pafu inasinyaa, nimonia inafuata. Epidurali ya kifuani, yaani dawa ya ganzi kwa mrija mwembamba mgongoni, ikiwezekana. Isipowezekana, ganzi ya kando ya uti wa mgongo. Parasetamo kwa ratiba, isisubiri mgonjwa alalamike: gramu 1 kila saa 6. Lakini wengi wanakuja wamekonda, na chini ya kilo 50 ni miligramu 15 kwa kilo. Mofini kwa dozi ndogondogo, ikizidi pumzi inalala.

Kwetu chumba cha upasuaji, pafu moja likipumulishwa tunatoa takriban mililita 5 za hewa kwa kilo kwa kila pumzi, na kilo hizo zinakokotolewa kwa urefu wake, mzani hauhusiki. Maji ya dripu nayo yasimwagwe tu. Yakizidi yanaishia mapafuni.

Nesi_Moshi: Asanteni. Na usiku?

Zamu_ya_Usiku: Kitanda nyuzi 30 hadi 45 muda wote. Mfuko wa chakula umevutwa kifuani kuziba nafasi ya umio na hauna tena kizuizi cha juu, kwa hiyo akilala chali vilivyomo vinapanda na kuingia kwenye njia ya hewa. Mpira wa puani unaoingia hadi kwenye mfuko huo ukichomoka usiurudishe mwenyewe, unaweza kutoboa kiungio, pale mfuko uliposhonwa na umio uliobaki; mwite daktari wa upasuaji. Siku ya 1 akalishwe kwenye kiti, kisha atembee akisaidiwa, chupa ya mrija wa kifua ikiwa chini ya usawa wa kifua.

Sikiliza sauti. Ikiwa ya kukwaruza, au anapaliwa na mate, huenda neva ya sauti imeguswa: asipewe chochote kwa mdomo mpaka apimwe kumeza. Ndugu waambiwe mapema, maana mtori utaletwa tu.

Mtu_wa_Usingizi: Ongeza hili: homa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, pumzi zaidi ya 25 kwa dakika. Msiridhike na "nimonia" na kuongeza antibayotiki. Kiungio kinachovuja huanza hivyohivyo, kwa hiyo daktari wa upasuaji aitwe usiku huohuo.