Vita vya Nne vya Msalaba: ilikuwaje vikaishia Constantinople?

Mwalimu_Ngarenaro (Arusha):
Wakuu, habari za leo. Hapa mjini tuna kanisa la Waorthodoksi, la Wagiriki wa enzi za ukoloni. Wanafunzi wanauliza: kama Vita vya Msalaba vilikuwa vya kupigana na Waislamu, iweje mwaka 1204 Wakatoliki wauteke Constantinople (Istanbul ya leo), mji wa Wakristo wenzao Waorthodoksi? Nataka sababu yenye hesabu, "tamaa" wameshaisikia.

MtoThemi:
Hesabu ipo, nayo inaanzia kwenye nauli. Mwaka 1201 wajumbe wa wapiganaji wa Msalaba walikodi meli Venice: watu 33,500 kwa marki 2 kila mmoja (marki ni kipimo cha uzito wa madini ya fedha), farasi 4,500 kwa marki 4. Piga: 67,000 ongeza 18,000, jumla 85,000. Kosa ni kwamba idadi ilikuwa ya kukisia, na hakuna mpiganaji aliyebanwa apitie bandari hiyo. Wengine walipandia Marseille. Mwaka 1202 ikafika kama theluthi tu. Kodi Coaster ya harusi Moshi hadi Arusha, waje watu kumi, uone kama mwenye gari atapunguza bei! Zikapelea marki 34,000.

Hapo deni likashika usukani. Ili Venice iwaahirishie deni, wakauteka Zara, mji wa Wakatoliki, ingawa Papa Inosenti wa Tatu alikataza. Kisha Alexios, mwanamfalme wa Constantinople, akaahidi marki 200,000 wakimrudisha babake aliyepinduliwa kwenye kiti cha ufalme. Wakamrudisha 1203, malipo yakakwama. Alexios alipouawa mapema 1204 hawakuwa na wa kumdai. Aprili wakauvamia mji, wakaupora siku tatu.

KiboshoJuu:
Deni peke yake halielezi ukatili ule, mkuu. Mwaka 1182 wenyeji wa Constantinople waliwaua Walatini (Wakatoliki wa Magharibi) wengi mjini humo. Chuki ilikuwepo tayari. Na kidonda hakikupona upesi: Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaomba radhi Waorthodoksi Athens mwaka 2001.

BintiMajengo (Moshi):
Msiwasahau Waislamu. Safari ile ililenga Misri, haikufika. Kilichobadilisha sura ya pwani ya Shamu ni 1291: Wamamluki, watawala wa Misri, walipoiteka Acre, ngome kuu ya wapiganaji wa Msalaba, walibomoa bandari na ngome makusudi, Wafaranki (Wakatoliki hao wa Magharibi) wasipate pa kushukia tena. Tiro, bandari jirani, ikafifia. Biashara haikufa, Alexandria ya Misri iliendelea kuwauzia pilipili Venice hao hao.

Mwalimu_Ngarenaro:
Shukrani. Hao 33,500 ni akina nani?

MtoThemi:
Wapiganaji wa farasi 4,500, wasaidizi wao 9,000, askari wa miguu 20,000.