MGB ya 1971 imelala muda mrefu: nianze na injini au na kutu?

Spana_Mpya:
Salaam wakuu. Nina MGB (gari dogo la michezo la Kiingereza) ya wazi ya 1971, injini ya 1798 cc, kabureta mbili aina ya SU. Injini haizunguki kabisa. Kutu imekula boksi za chini ya milango pande zote mbili. Karibu na madigadi ya mbele bisibisi inapenya. Nina mashine ya kuchomelea ya MIG (ya waya na gesi), jeki, stendi nne na nafasi ya gari moja. Nianze wapi? Na je, naweza kuchomelea bati jipya juu ya lile la zamani?

Bati_na_Rangi:
Usibandike bati juu ya kutu. Gari hili halina chesesi ya kutenganishwa, na kwa modeli ya wazi boksi hizo ndizo zinazozuia bodi isipinde katikati. Zina bati la nje, la ndani, na jingine lililosimama wima kati yao. Ukifunika kwa nje, mabati mawili yaliyobaki yanaendelea kuoza usiyaone.

Hapo mbele matope hujikusanya nyuma ya madigadi. Bahati nzuri madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti, yatoe, la sivyo hutauona mwisho wa boksi.

Kabla ya kukata chochote, toa betri (mwaka huo ni mbili za volti 6, nyuma ya viti) na tangi la mafuta. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wake ndio unaolipuka. Weka stendi chini ya ekseli ya nyuma na chini ya mikono ya saspensheni ya mbele, ili bodi ikae kama inavyokaa juu ya matairi. Kisha chomelea bomba la mraba la 25 mm kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kwa upande wa ndani ili mlango uendelee kufungika. Pima upana wa uwazi wa mlango juu na chini, uandike.

Fanya upande mmoja hadi uishe ndipo uende wa pili. Shika bati jipya kwa nukta chache tu za kuchomelea, ning'iniza mlango, angalia nafasi kati ya mlango na bodi. Ikiwa sawa, endelea kwa vipande vya sentimita 2, ukiruka huku na huku. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo, joto litavuta bati na mlango hautafunga tena.

Karakana_ya_Nyumbani:
Nakubaliana kuhusu bodi, ila injini iliyokwama isisubiri. Toa plagi leo, mimina kila silinda kama mililita 30 za mchanganyiko nusu kwa nusu wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, uache siku kadhaa ukiongeza. Asetoni inashika moto haraka, kwa hiyo kazi hii imalizike kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa. Baadaye zungusha kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, mbele na nyuma kidogo kidogo. Usitumie stata kuilazimisha.

Ikilegea, fungua kifuniko cha valvu na uangalie kila valvu inapanda na kushuka. Valvu iliyonata hupinda fito yake (chuma chembamba kinachoisukuma) mara moja.

Mwaga oili yote, weka oili mpya ya daraja la 20W-50, kisha zungusha kwa stata bila plagi hadi geji ya presha ya oili ipande. Isipopanda, pampu imekauka. Fungua mpira wa kwenda kwenye kipoza oili unaotoka nyuma ya bloku, umimine oili kuelekea kwenye pampu.

Spana_Mpya:
Asante sana. Na kabureta je? Nazisafisha na kuzirekebisha kwanza?

Karakana_ya_Nyumbani:
Kuzisafisha ndiyo, kuzirekebisha mwisho. Uwazi wa valvu kwanza, kisha uwazi wa kontakti za disitributa (0.35 hadi 0.40 mm), kisha taimingi (wakati wa cheche). Ukianza na kabureta utakuwa unarekebisha makosa ya vitu vingine.

Mwanzo mzuri wa SU: pandisha jeti (kitundu cha petroli) isawazike na daraja (ukingo ulio chini ya pistoni ya kabureta), kisha ishushe mizunguko miwili kamili. Linganisha hewa ya kabureta zote mbili. Injini ikiwa moto, inua pistoni ya kabureta moja kama 0.8 mm. Mzunguko wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ukishuka papo hapo, ni chache. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, umefika.

Breki_Kwanza:
Hakuna aliyetaja breki. Badilisha mipira yote mitatu ya kupitisha mafuta ya breki hata kama inaonekana mizima kwa nje. Huvimba ndani, mafuta yakaenda na yasirudi, gari likabaki limeshikwa. Kwenye kalipa za mbele (vibanio vya diski za breki) toa pistoni kwa presha ya hewa ukiwa umeweka kipande cha mbao mbele yake, lakini usitenganishe nusu mbili za kalipa. Pistoni yenye vidonda kwenye kromu haifai kusuguliwa, nunua mpya.

Bati_na_Rangi:
Nyongeza moja. Nta ya kuzuia kutu ya ndani ya boksi inapuliziwa baada ya rangi. Ukiiweka mapema, joto la kuchomelea linaiunguza na moshi wake unaharibu mshono.