Meropenemu mfuko mmoja masaa 24, tunatibu au tunapitisha maji?

Mfamasia_Wa_Zamu: Wakuu tuongee wazi. Madaktari wengine wanataka antibiotiki ya meropenemu, dozi ya siku nzima, iwekwe kwenye mfuko mmoja wa salaini, ipite polepole masaa 24. Najua kwanini, hizi beta-laktamu (kundi la penisilini na meropenemu) zinaua kwa muda zinaokaa kwenye damu juu ya kiwango kinachomzuia mdudu, sio kwa kupanda sana mara moja. Lakini meropenemu ukishaichanganya tu inaanza kuvunjika, na wodi ikiwa na joto ndo kabisa. Mfuko ubadilishwe kila masaa 6 mpaka 8, manesi waache uvivu

NesiUsiku: Uvivu?? Niko peke yangu na wagonjwa 20 kaka, nibadilishe kila mfuko, nigeuze wagonjwa, nipokee wapya, halafu wewe ulie dirishani uniite mvivu. Futa hiyo kauli kwanza ndo tuongee dawa

Dokta_Kijana: Jamani turudi kwenye mada. Utafiti wa BLING III wa 2024, wagonjwa kama elfu 7 wa ICU, meropenemu na piperasilini-tazobaktamu, vifo ndani ya siku 90 asilimia 24.9 kwa dripu ya mfululizo na 26.8 kwa dozi za vipindi. Kitakwimu haikuthibitika ila mimi naona faida ipo

Mfamasia_Wa_Zamu: Sasa daktari faida utaipataje kama nusu ya pili ya mfuko dawa imeshachoka? Pipetazo, yaani piperasilini-tazobaktamu, sikatai, hiyo inavumilia masaa 24. Usizichukulie kama ndugu wa tabia moja

MamaWodi3: Mimi nimetundika miaka mingi na mfuko haujawahi kubadilika rangi wala kuweka chembe, dawa ilikuwa nzima

Mfamasia_Wa_Zamu: Dada hapana, nakuomba usiendelee na hilo. Maji yanapasua ile pete ya beta-laktamu inayofanya dawa iue mdudu, na jicho halioni kitu. Chembe utaziona seftriaksoni ikikutana na dripu ya Ringa kwa sababu ya kalsiamu, hilo ni tatizo jingine kabisa. Na mkiweka meropenemu kwenye dekstrosi (dripu ya sukari) ndo inaharibika haraka zaidi, ampisilini hivyohivyo

NesiUsiku: Bado nasubiri ufute

Dokta_Kijana: Basi tukubaliane masaa 3 au 4 kwa kila dozi, ya kwanza ipite haraka ili kiwango kipande mapema. Sio lazima iwe mfululizo

NesiUsiku: Hilo naliweza. Ila na nyie mnaoandika hamjui kinachobaki kwenye mpira wa dripu. Mfuko wa mililita 100, mpira peke yake unabaki na karibu mililita 20, mtu anatoa anatupa, mgonjwa kakosa moja ya tano ya dozi! Hiyo hakuna joto wala dekstrosi, ni kwamba hakuna aliyeagiza tusukumie salaini mwishoni

MamaWodi3: Huo ni ukweli mtupu, sijawahi kuona imeandikwa kwenye cheti

Dokta_Kijana: Kwani si mnajua wenyewe, lazima tuandike?

NesiUsiku: Daktari!! Nikiisukuma bila oda, maji yakimzidi mgonjwa wa figo nani ataitwa kujieleza? Andika

Mfamasia_Wa_Zamu: Neno uvivu nimelifuta, samahani dada. La mpira nakuunga mkono, nalibandika kwenye lebo kuanzia zamu ya leo