Mrejesho: Windows na Ubuntu kwenye laptop moja, faili sasa zinaandikika

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini nikiwa Ubuntu (mfumo wa Linux) nasoma partisheni ya D, yaani kipande cha diski cha Windows, vizuri lakini kusevu inagoma, huku Ubuntu yenyewe ikilia imejaa. Nimerudi.

Aliyesema Windows huwa haizimiki kabisa ndiye aliyepatia. Fast Startup, mpangilio wake wa kuwaka haraka, inailaza tu, na Linux ikikuta NTFS (mpango wa Windows wa kuhifadhi faili kwenye diski) imeachwa hivyo inaifungua kwa kusoma peke yake. Nikafungua CMD (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi, nikaandika powercfg /h off kuzima huko kulala, nikazima mashine. Kuwasha Ubuntu, faili likaandikika hapo hapo! Na hiberfil.sys, faili ambalo Windows huweka hali yake ikilala, ikafutika, GB 3 na ushee zikarudi C.

Nafasi ndiyo iliyonitoa jasho. Nilipunguza D kwa GB 30 nikiwa Windows, lakini nafasi ikaangukia kushoto kwa Ubuntu, na partisheni haipanuki kuelekea huko ikiwa inatumika, ikabidi niwashe GParted (programu ya kupanga partisheni) kutoka kwenye flashi ili niisogeze Ubuntu. Saa nzima na nusu natazama mstari unatambaa, chaja ukutani, naomba umeme usikatike. Nyaraka nilishazihamishia diski ya nje.

Folda ya home, yenye faili zangu za Ubuntu, nimeiacha kwenye ext4 (mpango wa Linux wa kuhifadhi faili), NTFS haielewani na ruhusa za Linux. D imebaki ya picha, muziki na kazi za chuo.