Mrejesho: ile dawa ya oili na lori langu

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliuliza kama nimwage dawa ya kusafisha injini kwenye oili ya lori nililonunua limeshatumika, linalobeba unga na simenti kati ya Lubumbashi na Likasi. Wengine mlisema mwaga, wengine acha.

Sikumwaga. Fundi wangu pale komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, alifungua kifuniko cha valvu, akapitisha kidole, kikatoka na tope jeusi zito kama lami. Akaniambia, "Papa, hii takataka ikibanduka yote mara moja itaziba chujio la pampu ya oili, na injini itakauka." Nilishtuka kweli, kwa sababu chupa mbili nilikuwa nimeshazinunua.

Tukashusha bakuli la oili, tukalikwangua, tukaliosha kwa mazutu (mafuta ya dizeli) pamoja na lile chujio. Kisha tukatia oili nzuri ya injini ya dizeli, yenye uzito wa 15W-40, ambayo tayari imetengenezwa na viungo vyake vya kusafisha. Tulibadilisha oili na filta baada ya kilomita 2,000, tena baada ya 3,000. Ilitoka nyeusi (ya dizeli huwa hivyo upesi, maana hubeba masizi), ila bila vibonge.

Jana tumefungua tena kifuniko: chuma kinaonekana, tope limebaki pembeni tu. Presha ya oili haishuki hata nikipanda na mzigo. Mzee uliyeniandikia nianze kwa kufungua na kuangalia, aksanti sana.